Gitaa Tulilonunua kwa Picha

Tulipomzika Mwalimu Wilondja, mzee mmoja wa kanisa alisimama kando ya jeneza akamsifu kwa mambo mengi, na kati ya hayo akasema kwamba marehemu ndiye aliyeiletea kwaya ya Baraka gitaa la umeme baada ya vita, gitaa la hali ya juu kabisa, kutoka Ulaya. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka pamoja na bamama wenzangu, macho yamenivimba kwa kulia, na hata hivyo nikasikia hasira ile ya zamani inanipanda kifuani kama kwamba ni jana. Hali ya juu. Mimi ndiye niliyelipiga gitaa hilo. Mimi ndiye lililonikata vidole. Msibani mtu hasimami akabishana na sifa za marehemu. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu alinitazama akadhani nimezidiwa na uchungu, akanifuta uso kwa kitenge chake. Nilizidiwa kweli. Nililia kwa sababu nilimpenda yule mzee, na kwa sababu amekufa kabla sijashinda hata ubishi mmoja naye.

Siku hizi nina karakana ndogo nyuma ya soko, natengeneza magitaa na maampli ya kukuza sauti, na vijana wa makwaya wananijia na simu zao mkononi. Wananionyesha picha. Mama Apolina, angalia hii, iko bei ya chini, itafika kwa wiki chache. Nawauliza shingo yake imenyooka namna gani, wananijibu kwamba rangi yake ni ya bluu. Nawauliza funguo zake za kuzungushia nyuzi zinakaza ao zinateleza, wananionyesha nyota ambazo watu wasiojulikana wamezipanga chini ya picha. Nawaambia picha haina sauti, wanacheka kwa heshima, wanaenda, wananunua. Kisha wanarudi na boksi, na mimi naweka maji ya chai, maana najua kazi itakuwa ndefu. Hakuna hata mmoja wao niliyemfukuza. Nawezaje, na mimi mwenyewe nilifundishwa kazi hii na gitaa la namna hiyo hiyo, katika mwaka ule ambao redio ilikuwa inatangaza kwamba vita vimekwisha na sisi huku Baraka, katika eneo la Fizi kando ya ziwa, tulikuwa bado tunalala na viatu.

Mwaka ule niliishi nyumbani kwa Mwalimu Wilondja, katika chumba kilichopakana na jiko, nikifundisha darasa la pili katika shule aliyokuwa anaiongoza. Yeye alikuwa pia kiongozi wa kwaya, mtu mrefu, mkaidi, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa hata kwenye joto la saa saba. Gitaa la zamani la kanisa lilikuwa limechukuliwa na wenye bunduki, sijui wa upande gani, maana pande zilikuwa nyingi na zote zilipenda vitu vyetu. Wanaume waliojua kupiga walikuwa porini, ao kambini ng'ambo ya ziwa, ao wamezikwa. Nilibaki mimi, msichana, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine hakuna aliyethubutu kusema kwamba msichana hapigi gitaa. Ndipo Mwalimu akaamua kwamba kwaya itapata gitaa la umeme. Alikuwa na safari ya Bujumbura kwa mambo ya shule, akanichukua nichague. Alisema hivyo mbele ya kwaya nzima, kwamba Apolina ndiye atakayechagua, na mimi mjinga nilimwamini.

Tulipanda lori la dagaa, tukapita Mboko tukiwa tumekaa juu ya magunia, tukasimamishwa kwenye kila kizuizi, tukafika Uvira tukinuka samaki, tukavuka mpaka. Bujumbura kulikuwa na duka la vyombo vya muziki, na ukutani palitundikwa gitaa moja kuukuu. Nilimwomba mwenye duka anishushie. Lilikuwa zito. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye kiwiko, na mtu alikuwa amekwangua jina lake mgongoni kwa msumari. Lakini nilipoliinua na kuitazama shingo yake kwa jicho moja, kama mtu anayelenga, ilikuwa imenyooka kabisa. Nilizungusha funguo zikakaza. Nilipiga wimbo mmoja tu bila kuliunganisha na umeme, na mbao yake ikanitetemea tumboni. Nikamwambia Mwalimu ni hili. Hakuligusa. Aliniambia kwa sauti ya chini, ili mwenye duka asisikie, kwamba kwaya ya Baraka haiwezi kusimama mbele ya watu na gitaa yenye kuchubuka kama mbuzi wa ukurutu, na kwamba mpwa wake, aliyekuwa mkimbizi huko Ulaya, amemweleza kuwa siku hizi vitu vipya vinanunuliwa ndani ya mashine, kwa bei ndogo kuliko ya hicho kichakavu.

Basi akanipeleka kwenye mashine. Kilikuwa chumba chembamba chenye feni iliyozunguka bila kuleta hewa, vijana wamejipanga mbele ya vioo vya kompyuta kama wanafunzi wa mtihani, na binti mmoja mhudumu akila karanga na kuangusha maganda katikati ya vitufe. Mwalimu alimtajia jina la mahali ambapo mpwa wake alimwelekeza. Picha ilianza kuja kutoka juu, mstari kwa mstari. Tuliona kwanza funguo sita zinazong'aa, kisha tukangoja. Tuliona shingo, tukangoja. Umeme ulikatika, tukaanza tena kutoka kwenye funguo. Mwishoni likaonekana lote, jekundu kama pilipili, na Mwalimu akavua kofia yake. Chini ya picha palikuwa na nyota na maneno ya Kiingereza, na binti wa karanga akatutafsiria alivyoweza. Mtu mmoja ameandika kwamba alimnunulia mtoto wake wa kike, na mtoto amefurahi sana. Mwingine ameandika kwamba lilifika mapema na boksi halikuharibika. Mwingine kwamba linapendeza ukutani.

Nilimwuliza binti kama kuna yeyote aliyesema juu ya sauti. Alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasema hapana.

"Unasikia, Apolina," Mwalimu akaniambia. "Hata mutoto anaiweza. We utashindwa?"

Nilimwambia kwamba hatujalishika. Nilimwambia gitaa linanunuliwa kwa mikono na masikio, na kwamba lile la dukani liko hatua chache kutoka hapo, tuna uwezo wa kulibeba leo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yake yote ya ualimu, kisha akamwambia binti amwandikie mpwa wake: ile nyekundu. Tukarudi Baraka na lori lile lile, mikono mitupu, na njia nzima alikuwa anawaeleza abiria kuhusu gitaa lake jipya.

Lilichukua muda wa msimu mzima kufika. Mpwa alililipia, likaingia katika shehena ya mitumba, likashukia Dar es Salaam, likapanda treni mpaka Kigoma, likavuka ziwa katika boti ya wachuuzi wa sabuni. Katika muda huo nilikuwa nakula sombe ya majani ya mihogo na bugali jikoni na mke wake, Mama Riziki, na kupitia ukuta wa matofali tulikuwa tunawasikia wazee wa kanisa wakibishana barazani. Ubishi wao ulikuwa juu ya jambo zito kuliko gitaa. Mwalimu alitaka kuialika kwaya kutoka milimani, watu wa huko juu wanaochunga ng'ombe na kusema Kinyarwanda, waje waimbe nasi Baraka siku ya Pasaka. Kabla ya vita walikuwa wanashuka, na sisi tulipanda kwao. Halafu yalitokea yaliyotokea, na kila nyumba, yetu na yao, ilikuwa na mtu wake aliyeuawa na jina la yule aliyemwua, la kweli ao la kudhaniwa. Nilimsikia mzee mmoja akisema kwamba damu bado haijakauka. Nilimsikia Mwalimu akijibu kwamba hajui inachukua muda gani kukauka, lakini Pasaka ina tarehe yake. Mama Riziki, ambaye ndugu yake hakurudi kutoka njia ya Kilembwe, aliacha kutafuna. Akasema polepole, kwangu mimi na si kwa ukuta, "Bakuje. Lakini mi sitabapikia."

Boksi lilifunguliwa sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, mbele ya kwaya nzima. Ningependa wasomaji wangu waone jinsi gitaa lilivyopimwa siku hiyo. Mmoja alilinyanyua akasema ni jepesi kama ungo, kwa hiyo ni la kisasa. Mwingine alilinusa akasema linanuka upya. Wa tatu aligonga mgongo wake akatikisa kichwa kama daktari. Bamama walisema jekundu lake linaendana na vitambaa vyetu vya kichwani, na hilo lilikuwa kweli, ndilo jambo pekee la kweli lililosemwa. Nilipopewa, niliitazama shingo kwa jicho moja. Ilikuwa imepinda kama mpini wa jembe. Nyuzi zilisimama juu mno hata kidole kilipita chini yake bila kuzigusa. Nilitelezesha mkono kwenye shingo, na ncha za vile vyuma vidogo vinavyogawa sauti, ambavyo hakuna aliyejisumbua kuvipiga tupa kule kiwandani, zikanichana kidole cha shahada. Funguo zilizong'aa kwenye picha ziling'aa bado, lakini ulipokaza ya kwanza, ya pili ililegea. Na kile kipande kidogo cheupe cha juu, kinachozishika nyuzi kabla hazijafika kwenye funguo, kilikuwa cha plastiki na kilikuwa na ufa.

Niliyasema yote hayo, kidole mdomoni. Mwalimu alinijibu kwamba nimezoea vitu vya zamani, na kwamba gitaa litajizoeza. Litajizoeza. Nimewahi kusikia mambo mengi kuhusu mbao, lakini sijasikia mbao inayojirudi kwa aibu.

Kuanzia hapo nilitoka shuleni kila siku nikakaa na lile jambo mapajani. Nilikata karatasi ngumu ya kiberiti nikaipachika pale shingo inapoungana na mwili, ili nyuzi zishuke. Nilisugua vile vyuma kwa jiwe la kunolea visu la Mama Riziki, kimoja kimoja, mpaka yeye akaniuliza kama natengeneza gitaa ao nalichinja. Waya wa ndani ulikatika, nikaupeleka kwa mtengeneza redio, akauchomea vizuri, kesho yake ukakatika mwingine. Kila jioni Mwalimu alipita akiwa na koti lake, akaniuliza linaendeleaje, na kabla sijajibu akasema naona linaendelea vizuri. Nilikuwa na hamu ya kulivunja. Nilikuwa pia, nalisema kwa uchungu, nimeanza kulijua kama ninavyojua darasa langu: huyu akikemewa anafanya, yule anahitaji kubembelezwa, na huyu wa tatu hafai kitu. Lile la Bujumbura lisingenifundisha chochote. Ningelipiga tu. Lakini sikuwa nimeomba kufundishwa, nilikuwa nimeomba gitaa.

Wageni walifika kwa miguu, wamechoka, viatu mkononi, wanawake wamevaa mishanana, mavazi yao ya kufunga begani, yamejaa vumbi. Walikuwa wachache kuliko tulivyotarajia. Baraka ilisimama milangoni ikawatazama na hakuna aliyepiga kelele, si ya furaha wala ya ubaya. Nilipoingia jikoni asubuhi ile nilimkuta Mama Riziki anatwanga sombe, sufuria kubwa kabisa iko motoni. Alikuwa anatwanga kwa nguvu, hanitazami.

Kanisani walikaa upande wao, sisi upande wetu, katikati njia tupu ambayo mtu angeweza kupitisha baiskeli. Askari wawili walikuwa mlangoni. Wao waliimba kwanza, bila chombo, kwa sauti nzuri na nzito, na watu wetu wakaitikia amina kwa kunong'ona. Kisha tukasimama sisi. Grupu, ile jenereta ya kanisa, iliwashwa nje, ampli ikakohoa, nikaweka kidole kwenye uzi wa kwanza. Hata leo siwezi kueleza ni waya gani. Lile gitaa lilipiga ukelele. Si mlio wa muziki, bali mlio mwembamba uliopanda, ukapanda tena, ukafika mahali ambapo masikio ya watu wa Fizi yanajua ni mlio wa nini, kisha likapasuka kwa kishindo kwenye bafle, ile spika kubwa. Kanisa lote lililala chini. Wote, kwa pamoja, bila kuangalia nani yuko upande gani: wazee, bamama, watoto, mchungaji, Mwalimu na koti lake. Askari wa mlangoni nao walilala. Nilibaki nimesimama peke yangu, gitaa jekundu shingoni, nikitazama migongo.

Kisha kutoka chini ya benchi, upande wa wageni, sauti ya mzee mmoja ikauliza kwa Kiswahili cha milimani, taratibu, "Samahani. Ile ilikuwa bomu, ao ndo kwaya?"

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Mama Riziki. Alicheka akiwa amelala kifudifudi, kitambaa kimemwanguka, na mkono wake ulikuwa umemfunika mtoto ambaye hakuwa wake wala wetu. Kicheko kilitembea sakafuni kikavuka ile njia ya katikati. Watu walishindwa kuinuka. Walipoinuka walikaa walipoinukia, na wengi hawakurudi upande wao. Mwalimu alipanguza koti akatuamuru tuimbe bila gitaa, tukaimba, wageni wakaushika wimbo, na mimi nilisimama pale nikilia kwa hasira, kwa sababu nilijua tayari, kabla hata ibada haijaisha, kwamba maisha yake yote atasema gitaa lilifanya kazi yake.

Wakati wa chakula, tukiwa uani na sahani za sombe na samaki wa mikebuka wa kukaanga, kijana mmoja wa kwao alinijia akaomba kulishika. Jina lake Enoki. Alikuwa amesoma Uvira kabla ya vita, na huko ndiko alikojifunza kupiga. Aliketi kwenye kinu kilichogeuzwa, akaitazama shingo kwa jicho moja, akazungusha ufunguo, akapitisha kidole kwenye vyuma, akagusa kile kipande chenye ufa. Nilingoja aseme kitu cha adabu, kama wote.

"Dada," akasema, "hii gitaa ni mubaya sana."

Sijui jinsi ya kueleza raha niliyoisikia. Tangu boksi lifunguliwe nilikuwa kama mtu mwenye jino bovu anayeambiwa na kila mtu kwamba anatabasamu vizuri. Nilimwambia kuhusu karatasi ya kiberiti, jiwe la kisu, waya. Alikagua kila kitu, akasema vyuma nimevisugua vizuri kuliko kiwanda. Tatizo kubwa, akasema, ni hiki cha plastiki. Nyuzi zinakwama, ndiyo maana halishiki sauti. Kwao wanatengeneza kwa mfupa wa ng'ombe. Akakipima kwa unyasi, akaukata unyasi kwa meno, akautia mfukoni mwa shati. Mwalimu alikuja akauliza tunazungumza nini. Enoki alimwangalia, akaniangalia, akasema gitaa lina rangi nzuri, mzee. Waliondoka mapema ili wavuke bonde jua likiwa bado juu. Mama Riziki aliwafungia mihogo ya njiani.

Baada ya Pasaka mambo yaliharibika tena. Kulipiganwa Bukavu, habari zikashuka mpaka kwetu zikiwa zimekua njiani, na watu waliokuwa wamecheka sakafuni wakaanza tena kusema wao na sisi. Njia ya milimani ikafungwa. Waliobaki wakivuka walikuwa wanawake wanaouza maharagi tu, na hao nao walivuka kwa kujificha, wakikutana katikati ya mlima na kubadilishana mizigo. Siku moja sokoni mmoja wao, mwanamke wa Lweba, aliniuliza kama mimi ndiye mwenye gitaa la bomu. Akafungua pindo la kitenge chake, akanipa kipande cha mfupa kimefungwa kwa jani kavu la mgomba. Alikuwa amekipata kwa mwanamke mwingine, ambaye alikipata kwa mwingine, na huyo hakusema alikipata wapi. Kilikuwa kimesuguliwa kikawa laini kama kucha, na mikato sita, kila mmoja kwa upana wa uzi wake.

Nilikipachika mchana ule ule. Kilikuwa kirefu kidogo upande mmoja, nikakipunguza kwenye jiwe. Nilifunga nyuzi, nikazilinganisha, nikapiga, nikangoja. Nikapiga tena. Gitaa halikuyumba. Halikuwa zuri, halijawahi kuwa zuri, sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtu mwenye mafua, lakini lilishika sauti mpaka jioni, na kesho yake nililikuta bado limeishika. Mwalimu alisikia kutoka barazani. Akaja akasimama mlangoni pa jiko, mikono nyuma.

"Umeona sasa," akasema. "Lilikuwa linahitaji tu kuzoea."

Nililiweka gitaa juu ya mkeka, taratibu, nikatoka nje, maana yeye alikuwa mkubwa wangu na kulikuwa na maneno mdomoni mwangu yasiyofaa. Nilienda moja kwa moja sokoni. Yule mwanamke wa Lweba alikuwa anafunga magunia. Nilimwomba amfikishie salamu yule aliyetuma, amwambie mfupa umekaa sawa.

Aliniambia hapandi tena, wala wenzake. Watu wawili wameuawa njiani, na huko juu pia watu wanahama, haijulikani wanaelekea wapi.

"Chukua tu," nikamwambia. "Ni neno moja, haina uzito. Siku njia itafunguka, utamwambia mwenye atapanda."

Akanirudilia maneno hayo polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha amepewa mzigo wote. "Mufupa umekaa sawa."

"Ndiyo."

"Basi nimechukua," akasema, akainama, akajitwisha gunia lake.